Maji Yachemkapo Pangani na Yachemkapo Magamba

Mapema mwaka 1857, Waingereza wawili waliokuwa wakitafuta maziwa makuu ya bara walifika Tanga wakitokea Mombasa, wakaendelea na pwani hadi Pangani. Mmoja aliitwa Richard Burton, mwenzake John Hanning Speke. Kutoka Pangani waliufuata mto, wakapanda milima ya Usambara mpaka Vuga, makao ya Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Washambaa. Kimweri alikuwa mzee na mgonjwa, na aliwapokea kwa tumaini kwamba wageni hawa wana dawa ya kumrudishia ujana. Hawakuwa nayo. Walishuka tena Pangani wenyewe wakitetemeka kwa homa. Faida kubwa ya safari hiyo ilikuwa askari mmoja waliyemkuta kwenye ngome ndogo ya Chogwe, juu ya mto: Sidi Mubarak Bombay, ambaye baadaye aliongoza misafara hadi Ujiji, Uganda na Atlantiki, akajua njia za bara kuliko wengi wa mabwana waliomwajiri.

Wasafiri wa aina hiyo walibeba vipimajoto, na si kwa ajili ya kuandika kwenye daftari kwamba jana kulikuwa na joto. Kipimajoto kilikuwa chombo cha kupimia milima. Msafiri aliteka maji, akayachemsha, akatumbukiza kipimajoto, akasoma namba, kisha akatafuta kwenye jedwali ni kimo gani kinacholingana na namba ile. Kadiri mtu anavyopanda, hewa iliyo juu yake inapungua, kanieneo yake inashuka, na maji yanachemka mapema zaidi. Kwa kila mita 300 hivi za kupanda, kiwango cha kuchemka kinashuka kwa takriban digrii moja ya Selsiasi.

Mkoa wa Tanga ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili, kwa sababu ndani ya mwendo wa siku moja mtu anatoka kwenye usawa wa bahari hadi kwenye vilele vinavyopita mita 2,200. Pembeni mwa bandari ya Tanga, au kwenye mdomo wa Mto Pangani, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Amani, kwenye Usambara ya Mashariki, yanachemka kwenye 97 hivi. Lushoto yanachemka kwenye 95, na ukipanda zaidi hadi Magamba yanapungua tena kidogo. Sufuria ya maharage inayoiva upesi Chumbageni, mjini Tanga, inamchosha mpishi wa Lushoto, naye akizidisha kuni hapati kitu: moto mkali unaongeza mvuke tu, maji yenyewe hayapandi hata digrii moja zaidi.

Hesabu hiyo inataka kipimajoto kizuri, na hapo ndipo Burton na Speke walipokwama. Walipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, vyombo vyao bora vilikuwa vimekwisha kuvunjika au kuharibika njiani. Walichobaki nacho kilikuwa kipimajoto cha kupimia maji ya kuoga. Kwa chombo hicho walipata kwamba ziwa liko futi 1,800 na kitu juu ya usawa wa bahari. Ukweli ni zaidi kidogo ya futi 2,500. Tofauti ya futi 700 inaonekana kubwa, lakini kwenye kipimajoto ni digrii moja na sehemu tu ya Farenhaiti, upana ambao jicho lililochoka kwa homa linaweza kuupita bila kujua. Kwa Ziwa Nyanza, Speke alipata futi 3,740 hivi, karibu kabisa na kipimo cha leo. Namba hizo mbili ziliingia moja kwa moja kwenye ugomvi wao mkubwa juu ya chanzo cha Naili. Ziwa lililo chini kiasi kile lingewezaje kuulisha Mto Naili? Burton, ambaye baadaye alilitetea Tanganyika, ilimbidi akitupie lawama kipimajoto cha kuogea, na kwa hilo angalau alikuwa na haki.

Digrii hizo zilikuwa za Farenhaiti kwa sababu waliozisoma walikuwa Waingereza. Daniel Gabriel Fahrenheit alizaliwa Danzig mwaka 1686, akafanya kazi Uholanzi kama fundi wa vyombo vya kioo, na sifa yake kubwa ni kutengeneza vipimajoto vya zebaki vilivyokubaliana. Kabla yake, vipimajoto viwili vya mafundi wawili viliweza kutoa habari mbili za chumba kimoja. Katika kipimio alichokieleza mwaka 1724, sifuri ilikuwa baridi ya mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia; barafu inayoyeyuka ndani ya maji matupu ilikuwa 32; na joto la mwili wa mtu mzima mwenye afya 96. Sifuri yake, kwa hiyo, ni binamu wa ule mchanganyiko wa barafu na chumvi ambao watengenezaji wa aiskrimu waliutumia kugandishia maziwa kabla ya friji kuzaliwa.

Mfaransa Réaumur alikuja na kipimio chake mwaka 1730, sifuri kwa barafu na 80 kwa maji yanayochemka. Mwaka 1742 Anders Celsius, mwanaastronomia wa Uppsala nchini Sweden, akaigawa nafasi ileile katika sehemu 100, ila aliipanga kichwa chini: maji yalichemka kwenye sifuri na kuganda kwenye 100. Alifariki mwaka 1744 akiwa na miaka 42, na muda si mrefu wenzake wakaigeuza ikawa kama tunavyoijua. Watu hukumbuka kituko hicho cha kugeuza na kusahau kazi yake iliyo nzito zaidi. Celsius alionyesha kwa majaribio kwamba kiwango cha barafu kuyeyuka ni kilekile, hewa iwe nzito au nyepesi, lakini kiwango cha maji kuchemka kinafuata kanieneo ya hewa. Kwa maneno mengine, ngazi yake ilikuwa na mguu mmoja uliotulia na mwingine uliohitaji kupewa masharti. Nyuzi 100 ni za Pangani. Si za Magamba.

Mwaka 1848 mambo mawili yalitokea mbali sana yasijuane. Huko Scotland, William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alipendekeza kipimio kisichotegemea maji, zebaki wala kitu chochote kimoja, kipimio kinachoanzia kwenye baridi ambayo chini yake hakuna baridi nyingine. Leo tunajua kiwango hicho ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Na mwezi Mei mwaka huohuo, mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka kituo cha Rabai nyuma ya Mombasa, aliona kilele cheupe cha Kilimanjaro. Kiongozi wake wa njia hakuwa na jina la kitu kile cheupe, akakiita baridi tu. Alipatia kuliko mabingwa wa London. William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alisisitiza kwa miaka kwamba theluji digrii tatu tu kusini mwa ikweta haiwezekani. Ilikuwa mpaka Baron von der Decken na Otto Kersten wapande mlima huo mwaka 1862 hadi zaidi ya mita 4,000, na theluji iwaangukie, ndipo ubishi ulipokosa miguu. Cooley alikuwa akihesabu umbali kutoka ikweta, akasahau kimo.

Wajerumani hawakusahau kimo. Walipoitwaa pwani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, na moja ya sababu za kuielekeza chini ya Usambara ilikuwa kuufikia ubaridi wake. Lushoto waliiita Wilhelmstal, mahali pa kukimbilia joto la pwani na homa zake. Siri ya homa hizo nayo ni ya nyuzi. Kimelea cha malaria hukua ndani ya mbu kwa kasi inayofuata joto la hewa: kwenye nyuzi 27 kinakuwa tayari kuambukiza baada ya siku 10 hivi, kwenye nyuzi 20 kinahitaji karibu wiki nne, na mbu wengi hawaishi muda mrefu hivyo. Chini ya nyuzi 16 hadi 18, kimelea hatari zaidi hakikui kabisa. Kwa hiyo mstari unaotenganisha kijiji chenye malaria nyingi huko Muheza na kijiji chenye malaria kidogo juu ya Lushoto, kwa sehemu kubwa, umechorwa na kipimajoto.

Mwaka 1902 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe huko Amani, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Franz Stuhlmann. Ilikuwa bustani kubwa ya majaribio, ambako mmea ulipelekwa mahali panapoupendeza: mkwinini juu kwenye ubaridi, mikonge chini kwenye jua kali. Kazi ya namna hiyo haifanyiki bila daftari la hali ya hewa. Hapo ndipo kunapoingia kibanda cheupe cha mbao kinachoonekana hadi leo kwenye vituo vya hali ya hewa duniani kote, kimesimama kwa miguu mirefu, kuta zake ni mbao zilizopangwa kwa mshazari ili hewa ipite na jua lisipite. Aliyekibuni ni Thomas Stevenson, mjenzi wa minara ya taa wa Scotland na baba wa mwandishi Robert Louis Stevenson. Bila kibanda, kipimajoto kilichowekwa juani hakipimi hewa. Kinapima jinsi chenyewe kilivyoungua. Msomaji anayepiga picha ya namba 42 kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani kando ya barabara ya Segera, kisha akadai Tanga inawaka moto, amekosea jambo hilohilo.

Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 vilileta bendera nyingine na kipimio kingine. Waingereza waliikosa Tanga Novemba 1914, kwa aibu kubwa, wakaipata mwaka 1916. Baada ya hapo hospitali na mashamba ya mkonge yalisoma Farenhaiti. Daktari Mjerumani Carl Wunderlich alikuwa amechapisha mwaka 1868 kazi iliyotokana na vipimo vya maelfu ya wagonjwa, akaweka joto la kawaida la mwili kuwa nyuzi 37 za Selsiasi. Ukizidisha kwa tisa, ukagawa kwa tano na kujumlisha 32, utapata 98.6, namba inayotoa sura ya usahihi mkubwa ambao Wunderlich mwenyewe hakuwa nao. Waingereza kwa upande wao walizoea kuweka alama kwenye 98.4. Mkata mkonge mwenye homa ya 104 alikuwa na nyuzi 40, na kwinini ilikuwa chungu vilevile kwa vipimo vyote viwili. Baada ya uhuru nchi za Afrika Mashariki zilihamia vipimo vya metriki, na Farenhaiti ikaanza kutoweka kwenye daftari.

Katika miaka hiyo ya mwanzo ya uhuru, mwaka 1963, kijana wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, juu ya Lushoto, alifanya haraka kwenye friji. Jina lake Erasto Mpemba. Wanafunzi wa Magamba walikuwa na mtindo wa kujitengenezea aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, kisha wanayaweka kwenye sehemu ya kugandishia. Nafasi humo ilikuwa finyu na kila mtu alitaka trei. Siku hiyo mwanafunzi mmoja, aliyekuwa amenunua maziwa, aliamua kutoyachemsha. Alikoroga sukari akakimbilia friji. Mpemba aliona nafasi inakwisha. Akathubutu kuhatarisha friji, akaingiza maziwa yake yakiwa bado moto. Walipofungua baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba alichanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea. Alilikubali jibu. Lakini wakati wa likizo alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, na huyo akamwambia, kama jambo la kawaida kabisa, kwamba yeye huingiza mchanganyiko ukiwa moto ili ugande upesi. Mpemba akaulizia wauzaji wengine wa Tanga. Nao walifanya hivyohivyo.

Sehemu hii ya kisa hurukwa mara nyingi, na ndiyo inayostahili kukaliwa. Vitabu vya sayansi vinapenda picha ya mwanafunzi mmoja mwenye macho makali dhidi ya mwalimu mkavu. Wauzaji wa aiskrimu wa Tanga hawakuwa na kipimajoto wala nadharia, walikuwa na wateja wanaosubiri kwenye joto la kaskazi na bidhaa inayoyeyuka. Kama njia ya moto isingewaokolea muda, wangeiacha. Mpemba alichofanya ni kuwaamini kiasi cha kuliuliza swali lao mbele ya watu wenye digrii za aina nyingine.

Alifaulu, akapelekwa Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu. Huko wakafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa: kitu hupoteza joto kwa kasi inayolingana na tofauti kati yake na mazingira. Kwa kanuni hiyo cha moto hupoa kwa kasi zaidi, lakini lazima kwanza kipite pale kilipoanzia cha baridi, kwa hiyo hakiwezi kukitangulia. Mpemba akanyoosha mkono tena. Mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu darasa zima lilimtania kwa jina hilo. Siku moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi, haina mtu. Alichukua bika mbili ndogo, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friji. Baada ya saa moja barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye ile iliyoanza moto.

Kisha Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu Dar es Salaam, akaitembelea Mkwawa kutoa mhadhara. Maswali yalipofunguliwa, Mpemba aliuliza kwa nini maji yanayoanza na nyuzi 100 huganda kabla ya yanayoanza na nyuzi 35. Wenzake walicheka na wengine wakaona haya kwa niaba ya shule. Inafaa kuongeza, kwa ukorofi kidogo, kwamba Iringa ipo karibu mita 1,600 juu ya bahari na maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Nyuzi 100 za Mpemba zilikuwa za kitabuni, hazikuwa za bika. Maziwa yake ya Magamba nayo hayakuwahi kufika huko. Hakuna aliyemkosoa kwa hilo. Osborne alimuuliza tu kama amelijaribu mwenyewe, akasikia kwamba ndiyo, akaahidi kulijaribu pia.

Aliporudi Dar es Salaam alimpa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi alileta habari kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, na kwamba watarudia jaribio hadi wapate jibu sahihi. Walirudia, na jibu likawa lilelile. Majaribio yaliyofuata yalitumia sentimita za ujazo 70 za maji katika bika za kioo zilizowekwa juu ya povu la plastiki lisilopitisha joto, ili chini pasipoe. Maji yaliyoanza na nyuzi 25 hivi ndiyo yaliyokawia kuliko yote kuanza kuganda, na yaliyoanza na 90 yakayapita kwa mbali. Walipomimina tabaka jembamba la mafuta juu ya maji, kuganda kulichelewa mno, ishara kwamba joto linatokea juu. Osborne aliona kwamba maji ndani ya bika moja hayana joto moja: mikondo inayopandisha maji ya moto, ile inayoitwa myuko shuleni, inauweka uso wa bika iliyoanza moto katika hali ya moto kuliko kiini chake, na uso wa moto unatupa joto upesi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mtu akisema bika hii ina nyuzi 40, ni nyuzi za sehemu gani ya bika? Kipimio cha Celsius kinatoa namba moja kwa kitu ambacho ndani yake kina namba nyingi. Tena halijoto si wingi wa joto. Kikombe cha chai kina nyuzi nyingi kuliko Bahari ya Hindi, na joto kidogo kupita kiasi.

Makala ya Mpemba na Osborne ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Mwaka huohuo Mkanada aitwaye Kell alichapisha makala yake kuhusu jambo hilohilo bila kuwajua. Tena Aristotle, Francis Bacon na Descartes walikuwa wamelitaja karne nyingi nyuma. Jina lililobaki ni la Mpemba.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2012 chama cha wanakemia wa Uingereza kilitoa zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, yakaja majibu 22,000 hivi, na mshindi Nikola Bregović wa Zagreb hakumaliza kesi. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipitia majaribio ya zamani na kufanya yao, wakasema hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba maji ya moto hupoa upesi zaidi. Walionyesha kwamba kipimajoto kikisogezwa sentimita moja tu juu au chini katika bika mojawapo, jibu linaweza kugeuka. Ikumbukwe walipima muda wa kufikia sifuri, ilhali wauzaji wa Tanga walisubiri barafu, na maji yanaweza kushuka chini ya sifuri kwa muda bila kuganda. Mwaka 2020, Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada waliacha maji kabisa, wakatumia chembe ndogo mno zilizodhibitiwa kwa miale ya leza, wakapata hali ambamo kilichoanza moto hutangulia kupoa, bila shaka yoyote. Na tangu Mei 2019 kelvini yenyewe, kizio cha kile kipimio cha Thomson, haifafanuliwi tena kwa maji, bali kwa namba ya kudumu ya fizikia iliyopewa jina la Boltzmann.

Mpemba hakuwa mwanafizikia wa kazi. Makala yake ilipochapishwa alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, na baadaye alifanya kazi serikalini katika sekta hiyo ya wanyamapori.